Biskuti za Muhogo Kavimvira

Tukitoka Uvira kwenda kaskazini, milima ikiwa kushoto na Ziwa Tanganyika kulia, twafika Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi. Hapa, kama katika bonde lote la Ruzizi, watu hula sana ugali wa muhogo. Unga huo hauna gluteni, protini ya ngano ambayo hudhuru matumbo ya watu wengine. Basi mtoto aliyekatazwa mkate wa ngano asikae kando wenzake wanapokula.

Tuoke biskuti pamoja nyumbani. Baba awashe makaa. Watoto waponde ndizi zilizoiva sana. Mama akande unga pamoja na mawese kidogo. Utamu wa ndizi watosha, sukari ya nini? Zipangwe sufuriani, zifunikwe, makaa yawe chini na juu. Mayai na karanga tuviache, kama vyamdhuru mmoja wetu. Vyombo visiwe na mabaki ya ngano.

Lakini tusiharakishe: muhogo mchungu una sumu. Sharti ulowekwe siku 3 au zaidi, kisha ukaushwe barabara juani. Hapo ndipo jamaa wote watakula sahani moja bila hofu.