Mizani ya Mpanda Farasi

Watu wengi hudhani kwamba anayepanda farasi hukaa juu yake kwa nguvu za mapaja. Humwona mpandaji amenyooka juu ya tandiko, mnyama akipiga hatua chini yake, nao hukata shauri kwamba bila shaka amembana kama koleo libanavyo kaa la moto. Ukweli ni kinyume chake. Anayebana ndiye anayeanguka. Mapaja yakikazwa sana humwinua mpandaji na kumtenga na tandiko, kama kipande cha sabuni iliyolowa kinavyochomoka mkononi kikifinywa. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili bila ya kumtaja farasi: mkamia maji hayanywi.

Nimekuwa nikiyatafakari haya kwa miaka michache sasa, tangu nilipoanza kupanda farasi nikiwa nimekwisha kuvuka umri wa miaka sabini. Si kwa mashindano, bali kwa matembezi tu: saa moja, pengine mbili, katika vijia vya miinuko ya Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na kwetu mnyama wa kupandwa ni punda. Farasi hakupata makao katika sehemu nyingi za nchi zetu, kwani mbung'o na maradhi yaenezwayo na wadudu humwangamiza. Nanyuki, iliyo karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, ina baridi na haina mbung'o, na huko farasi hustawi.

Aliyenivuta huko ni kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni saisi katika shamba la farasi. Aliniambia, "Mwalimu, njoo ujaribu. Farasi haulizi umri." Binti yangu aliposikia, yeye ndiye aliyeuliza. "Baba," alisema, "wazee wa rika lako wanavunjika nyonga wakienda msalani tu. Wewe unataka kuanguka kutoka mgongoni mwa mnyama?"

Swali lake halikuwa la utani, wala sikulichukua hivyo. Nimekwisha kuwazika wenzangu wawili ambao safari yao ya mwisho ilianzia kwenye sakafu yenye maji. Mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni, mtu hulala, na akilala sana mapafu na misuli huanza kumwacha. Kwa hiyo nilitaka kujua kwanza mizani ya mwili ni kitu gani, na je, huweza kufundishwa kwa mtu wa umri wangu, au ni mali ambayo ikipotea imepotea.

Mwili wa binadamu hupata habari za mizani kutoka mahali patatu. Pa kwanza ni macho. Pa pili ni sikio la ndani, ambamo mna vifereji vitatu vyembamba vilivyopinda, vimejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo husukuma vinyweleo na ubongo hupata taarifa. Pa tatu ni misuli, viungo na nyayo zenyewe, ambazo hutuambia mguu uko wapi hata tukiwa gizani. Umri huvidhoofisha vyote vitatu, lakini huacha nafasi ya kuvifanyisha kazi. Mwaka 2022 watafiti nchini Brazil walitangaza matokeo yao kuhusu watu 1,702 wa umri wa kati ya miaka 51 na 75. Karibu mmoja katika kila watano alishindwa kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, na miongoni mwa walioshindwa, vifo vilikuwa vingi zaidi katika miaka iliyofuata. Haina maana kwamba kusimama kwa mguu mmoja ni dawa ya kuongeza maisha. Maana yake ni kwamba mizani ni kioo cha hali ya mwili mzima.

Lakini kuna mwizi wa mizani ambaye hatajwi sana, naye ni hofu. Mtazame mzee aliyewahi kuanguka. Hatua zake ni fupi, macho yake yako kwenye vidole vya miguu, mabega ameyapandisha, na pumzi ameizuia. Anadhani anajilinda. Kumbe mwili uliokazwa hauwezi kujirekebisha upesi. Ni kama mti mkavu ambao upepo huuvunja, ilhali mnazi huinama na kurudi. Hayo nimeyaona pia darasani kwa miaka mingi: mtoto anayeogopa kukosea ndiye ambaye kalamu yake hutoboa karatasi.

Farasi huifichua hofu hiyo papo hapo. Ngozi yake huhisi nzi mmoja akitua, seuze mtu mzima wa kilo sabini. Ukikaza makalio, yeye hukaza mgongo. Ukizuia pumzi, huinua kichwa na kutega masikio kutafuta simba aliyekutisha. Mgongo wake ukikazika, hatua zake huwa ngumu, nawe hurushwa zaidi, ukazidi kukaza. Duara hilo ni lazima likatwe mahali fulani, na wa kulikata ni mpandaji.

Jambo hili si geni duniani. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, Xenophon wa Ugiriki aliandika kitabu kuhusu upandaji farasi, akashauri kwamba mpandaji asikae kama aliye kitini, bali awe kama mtu aliyesimama ameachanisha miguu. Wagiriki wa wakati ule hawakuwa na vikuku vya kutia miguu. Walikaa kwa mizani tu. Na anayeshuku kwamba nguvu za miguu si msingi wa kazi hii amkumbuke Lis Hartel wa Denmark. Ugonjwa wa polio ulimpata mwaka 1944, ukamwacha amepooza chini ya magoti. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Hata hivyo, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952, wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika kumwongoza farasi kwa hatua za madaha, alipata medali ya fedha akiwa na farasi wake Jubilee. Mwaka 1956 akaipata tena.

Mwingine ni Sally Swift wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1913 akiwa miongoni mwa wale ambao uti wao wa mgongo hupinda tangu utotoni. Alipostaafu kazi yake ndipo alipojitoa kufundisha upandaji kwa njia yake mwenyewe, na kitabu chake kilitoka mwaka 1985. Mafundisho yake husimama juu ya mambo manne: macho yasiyokodoa, pumzi, kitovu cha uzito wa mwili, na viungo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama matofali. Mimi mstaafu mwenziwe nilifarijika sana kusikia habari zake.

Sasa nieleze ninavyofanya, maana msomaji wa rika langu atataka kujua la kutenda, si la kusifu tu.

Nyumbani huanza na mguu mmoja. Kila asubuhi nikipiga mswaki husimama kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, mkono mmoja ukiwa karibu na ukuta. Halafu huenda kwenye ngazi, nikakanyaga ukingo wa kidato kwa sehemu ya mbele ya nyayo, nikashika kizuizi na kuziacha visigino zishuke polepole zenyewe. Hapo ndipo mtu hujifunza kwamba kisigino cha mpanda farasi hakisukumwi chini, huachiliwa. Kifundo cha mguu kilicholegea ndicho springi yake. Mwisho hukaa juu ya kigoda kigumu, nikaihisi ile mifupa miwili ya makalio, na kuhakikisha kwamba uzito umegawanyika sawa. Wengi wetu tumekaa upande upande miaka yote tusijue.

Juu ya farasi, somo la kwanza ni pumzi. Saisi wangu hushika kamba, farasi huenda hatua za kawaida, nami huiacha miguu ining'inie bila ya vikuku. Hutoa pumzi ndefu kuliko niliyovuta, mpaka nihisi tumbo la chini limetulia. Kitovu cha uzito wa mwili kiko huko, chini kidogo ya kitovu chetu cha kuzaliwa, wala si kifuani ambako hofu hupenda kukaa. Nikiona nimesahau kupumua, huimba. Mtu hawezi kuimba huku amezuia pumzi. Nyimbo za mchakamchaka wa shuleni zinafaa sana, na farasi hajalalamika bado.

Kisha hufuata kiuno. Farasi akienda kwa hatua za kawaida, miguu yake minne hugonga ardhi mmoja mmoja, na mgongo wake hukisukuma kiuno cha mpandaji mbele na nyuma, juu na chini, na pembeni, karibu sawasawa na vile kinavyokwenda tunapotembea kwa miguu. Ndiyo sababu baadhi ya waganga wa viungo huwatumia farasi kuwasaidia wagonjwa. Kazi ya mpandaji ni kuukubali mwendo huo bila ya kuuongeza wala kuuzuia. Anayeonekana ametulia kabisa juu ya farasi hakutulia. Anakwenda pamoja naye kwa kipimo kile kile.

Hapo ndipo nilipowakumbuka watoto wa Lamu. Katika vichochoro vya mji wetu, kijana hurukia punda asiye na tandiko, au mwenye gunia tu, akakaa nyuma kabisa karibu na mkia, miguu ikining'inia, na huku anazungumza na mwenzake aliye barazani. Hana kikuku, wala hakufundishwa na mtu. Punda akienda telki, kiuno cha mtoto huitika chenyewe. Mwili wa mtoto haujafundishwa kukaza. Sisi wazee hatuna budi kujifunza kwa makusudi kile ambacho wao bado hawajakipoteza.

Njiani ndiko mtihani ulipo, maana kijia cha mlimani hakina kuta za uwanja. Kwenye mwinuko huinamia mbele kidogo ili kuuachia huru mgongo wa nyuma wa farasi unaosukuma, na mikono huisogeza mbele ili apate kunyoosha shingo. Shingo ni mizani yake, kama mikono ilivyo kwetu. Anayening'inia kwenye hatamu humnyang'anya. Kwenye mteremko, hofu husema lala nyuma kabisa. La, hukaa wima kama mnazi, uzito visiginoni, na macho kwenye mahali njia inapokwenda. Kichwa cha mtu kina uzito wa karibu kilo tano. Nikikiinamisha kutazama kwato, kilo zote hizo huenda mbele, nami hufuata. Macho yakitazama mbali na kwa upana, nikayaona mashamba ya ngano, ndege na mgongo wa mwenzangu kwa pamoja, mabega hushuka yenyewe. Kila baada ya muda hushuka, nikatembea kando ya farasi hatua mia chache. Magoti yangu hushukuru, na mgongo wake pia.

Kwani mizani si haki ya mpandaji peke yake. Anayelemea upande mmoja kwa saa mbili hulivuta tandiko, likamchubua mnyama au kumwumiza misuli, naye hana ulimi wa kusema. Farasi wa kilo mia nne na ushee hubeba uzito wangu kwa hisani. La chini kabisa ninaloweza kumlipa ni kuuweka uzito huo mahali unapobebeka. Nikilifikiria hilo, hofu yangu hupungua, maana akili huacha kuuliza "nitaanguka?" ikaanza kuuliza "naye yu hali gani?"

Sitaki kumdanganya mtu. Kulegea si kupuuza. Kofia ngumu huivaa kila siku, farasi wangu ni mzee mpole aliyechaguliwa kwa upole huo, na siendi peke yangu. Daktari nilimwona kwanza. Mwenye mifupa iliyolika, au kizunguzungu kisichojulikana chanzo, afanye mazoezi ya ngazini na kwenye kigoda, na farasi amtazame tu kwa macho. Sehemu kubwa ya faida ataipata papo hapo sebuleni. Na itafika siku ambayo nami nitaambiwa basi, na daktari au na magoti yangu. Binti yangu nimemwahidi kwamba siku hiyo sitabishana.

Ila jibu la swali lake nimelipata kwa kiasi. Mizani ya mzee hufundishika, lakini haiji kwa kung'ang'ania. Uzee una mambo mengi yanayotushawishi tukaze mikono: nyumba, watoto waliokwisha kuwa watu wazima, vyeo tulivyokuwa navyo, hata afya. Nikipita gizani kwenda msalani siku hizi, siinamishi tena kichwa kutafuta miguu yangu. Hutoa pumzi kwanza, nikaacha visigino vishuke, halafu nikaenda.