VIJITABU TUNAVYOKUSUDIA KUANDIKA, INSHAALLAH

 



Kila mwaka mitihani inapokwisha, wanafunzi wa darasa la juu hutuuliza: "Ustadhi, na wewe utaandika kitabu lini?" Wao hucheka, nasi hucheka nao. Mwaka huu tumeamua kuwajibu. Tunakusudia kuandika vijitabu 3, na vyote vitatokana na kazi tulizozifanya wenyewe.

Msione ajabu elimu kutoka dukani. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 Hijria, alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa. Alipozungumzia kuuza na kununua, alizungumzia jambo alilolishika kwa mikono yake. Huku kwetu, Sheikh Abdulla Saleh Farsy (1912–1982) alikuwa mwalimu Unguja, kisha Kadhi, hata akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake ya Qurani Takatifu ilitoka kamili mwaka 1969, na ukisoma maelezo yake utahisi mwalimu amekaa mbele yako.

Kijitabu cha kwanza ni cha madeni. Tulipokuwa na miaka 17 tuliajiriwa katika duka la rejareja, Tanga. Kazi yetu ilikuwa kupima sukari, unga na mafuta ya taa, na kuandika daftari la madeni. Mtaani walikuwapo kina mama 2 wanaoitwa kwa jina moja la mtoto; tuwasitiri, tuseme Mama Fulani. Siku moja mmoja wao alikopa kilo 2 za sukari na lita 1 ya mafuta. Tuliandika "Mama Fulani" basi, wala hatukuongeza neno.

Mwisho wa mwezi tajiri alimdai yule mwengine. Mama akakana. Tukaitwa na daftari letu. Moyoni tuliingiwa na shaka, lakini tukaogopa kufukuzwa kazi. Tukalisoma jina kama lilivyo, kisha tukanyamaza. Mama aliapa, watu wakamcheka, mwisho akalipa na kuondoka. Baada ya wiki 2 aliyekopa akaja na fedha zake mkononi. Tulikimbia kumrejeshea mwenziwe tukakuta chumba kitupu. Amehama, na majirani hawajui kahamia wapi.

Tulimtafuta kwa miaka. Hatimaye, kama walivyotuelekeza masheikh zetu, tulizitoa fedha zile sadaka kwa niaba yake, tukinuia kumlipa pindi akitokea. Lakini fedha ni nusu ya deni. Mama yule alifanywa mwongo mbele za watu, na nusu hiyo bado tunadaiwa. Haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake.

Na lipo linalotuumiza zaidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani ni ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inafundisha kuandika deni: muda ujulikane, mwandishi awe muadilifu, na mashahidi wawepo. Sisi tulikuwa tumeihifadhi tangu tuna miaka 12! Ilikuwa ulimini, haijafika kwenye kalamu.

Kijitabu cha pili ni cha amana. Baada ya duka tulikuwa makondakta wa basi la Tanga na Pangani kwa miaka 2. Watu walitupa barua, dawa za wagonjwa, na fedha za wazee wao. Hapo tulikuwa tumekwisha funzika: kila mzigo tuliuandikia jina kamili la anayetuma na la anayepokea.

Kijitabu cha tatu ni cha mirathi, kutokana na kazi yetu ya sasa. Tukitoa swali la marehemu aliyeacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na mali ya shilingi 800,000, mikono huruka juu: mume 200,000, mwana 400,000, binti 200,000! Hesabu ni sahihi, lakini nani ameuliza kama marehemu alikuwa na deni? Deni hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane.

Kwa muda mrefu tuliona haya kuyaandika haya, tukichelea wanafunzi watatudharau. Sasa tunaona kwamba mwalimu anayeficha kosa lake huwaachia wanafunzi wake walirudie. Kwa hiyo kisa cha Mama Fulani kitakuwa ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha kwanza.

Na iwapo mama huyo, au mwanawe, atausoma ukurasa huu, tupo hapa madrasani kila siku baada ya sala ya Alasiri. Aje, tumtake radhi mbele za watu, kama alivyoaibishwa mbele za watu.

Wabillahi tawfiq.