Baiskeli Isiyo na Mzigo

Mwezi Juni mwaka 2011 nilikwenda Ufaransa kupumzika, pamoja na wauguzi wenzangu 6 niliokuwa nikifanya nao kazi Uingereza. Tulikubaliana kusafiri kwa baiskeli kando ya mto Loire, kutoka Blois mpaka Tours, kwa muda wa siku 4. Kila asubuhi mizigo yetu ilichukuliwa na gari na kutangulizwa kwenye hoteli ya jioni. Sisi wenyewe tulipanda baiskeli tukiwa na chupa za maji tu.

Siku ya kwanza nilicheka peke yangu. Marehemu baba angeuliza: "Gari mnalo, baiskeli mnazo, mbona mzigo ndio uliopanda gari?"

Kwa baba, baiskeli ilikuwa punda. Kule Muheza alipakia magunia mawili ya machungwa, akayapeleka sokoni, jua na mvua. Kwa machungwa hayo mimi nilisoma.

Siku hiyo tulifika Chambord, kasri ambalo mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga mwaka 1519. Lina vyumba zaidi ya 400, lakini kinachokumbukwa zaidi na wageni ni ngazi ya katikati. Kwa kweli ni ngazi mbili zilizosokotana kama kamba: mmoja hupanda, mwingine hushuka, wakaonana kwenye matundu ya ukuta, wala wasikutane. Wenzangu walipanda na kushuka wakipungiana mikono kama watoto. Mimi nilibaki chini, nikikumbuka jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Nilikuwa kidato cha pili, katika shule ya bweni Tanga mjini, baba alipokuja kunitazama. Alikuwa ameendesha baiskeli zaidi ya kilomita 30, shati limelowa jasho, kikapu cha machungwa kimefungwa nyuma kwa mpira. Nilikuwa nimesimama na rafiki zangu, watoto wa wakubwa. Mmoja akauliza, "Nani huyu?" Nikajibu, "Kibarua wa nyumbani."

Baba alisikia. Alishusha kikapu taratibu, akasema, "Mzigo wako huu, bwana. Nimetumwa nikuletee." Kisha akageuza baiskeli, akaondoka bila hata kunywa maji.

Nilipokwenda nyumbani likizo hakulitaja, nami sikulitaja. Miaka ikapita, baba akafariki, neno likabaki kooni.

Siku ya mwisho tuliiacha Amboise, mji alikofia Leonardo da Vinci mwaka huo huo wa 1519, tukakutana na upepo. Huko mto huelekea magharibi, na upepo nao ulitoka huko huko, usoni mwetu. Juu ya tuta la mto hapakuwa na mti wa kutukinga. Vijana waliokuwa wakinipita kila siku walianza kushuka na kukokota baiskeli. Mimi niliinamisha kichwa, nikapunguza gia, nikaenda pole pole kama mtu mwenye magunia mawili nyuma yake. Sikusimama.

Jioni, mezani Tours, mmoja wao akaniuliza, "Nani alikufundisha kuendesha baiskeli namna hiyo?"

Jibu jepesi lilikuwa tayari ulimini: nilijifunza mwenyewe. Nikanyamaza kidogo. Halafu nikasema, "Baba yangu. Alikuwa akiuza machungwa kwa baiskeli." Nikawasimulia yote, pamoja na lile la kibarua. Hakuna aliyecheka. Hakuna pia aliyeniambia kuwa nilikuwa mtoto tu, na kwa hilo ninawashukuru.

Najua, msomaji, kwamba kumkiri baba mbele ya watu wasiomjua si kumwomba radhi. Aliyestahili kusikia hayupo. Lakini tangu jioni ile nimelisema wazi, hata kwa wanangu. Ikiwa baba yako yu hai, na una neno lililokukwama kooni, mfuate leo. Usingoje upepo wa Ufaransa ukutoe neno hilo.