Haibridi ikizima njiani kwenda Kigoma, si kila kamba ni msaada

Familia inayokwenda Kigoma kwa gari kutoka Tabora hupita Urambo na Kaliua, huvuka Mto Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete, kisha huingia Uvinza, mji unaojulikana kwa chumvi yake. Mbele yake ni Kidahwe, njia panda inapounganika barabara ya Kasulu. Hapo ndipo watoto waliolala tangu Kaliua huamka na kuanza kuuliza ziwa liko wapi.

Ni safari nzuri, lakini ni ndefu, na kati ya mji mmoja na mwingine kuna vipande ambavyo dereva haoni gereji wala duka la vipuri. Likizo ya Desemba huangukia katikati ya mvua. Siku hizi wazazi wengi huifanya safari hiyo kwa Prius, Aqua au Harrier ya haibridi iliyonunuliwa ikiwa imetumika Japani, kwa sababu ya kuokoa mafuta. Gari hilo likizima porini, msaada wa kwanza kutokea huwa ni dereva mwema wa lori mwenye kamba. Anafunga, anasema weka gia kwenye N, twende. Katika haibridi, hapo ndipo hasara huanza.

Kigoma ni mji uliozoea vitu vizito vinavyofika kwa kubebwa. Meli ya MV Liemba, ambayo zamani iliitwa Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000. Ililetwa Dar es Salaam kwa bahari, ikapandishwa reli hadi Kigoma na kuungwa upya ufukweni, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka huohuo Waingereza walizivuta boti zao mbili, Mimi na Toutou, kupitia Kongo hadi ng'ambo ya pili ya ziwa, kwa reli, kwa matrekta ya mvuke na kwa ng'ombe. Kazi ilikuwa kubwa, lakini kulikuwa na nafuu moja: boti haina tairi zilizounganishwa na mota.

Haibridi inayo. Katika Prius na Aqua, tairi za mbele zimeunganishwa moja kwa moja na mota ya umeme ndani ya gia. Ukiweka N, gari linasogea, ndiyo, lakini mota haijaachana na tairi. Tairi zikizunguka, mota inazunguka, na mota ya aina hii ikizungushwa huzalisha umeme hata kama gari limezimwa. Gari likivutwa kwa mwendo wa lori, sehemu za ndani ya gia zinaweza kuzunguka kupita kiasi bila kulainishwa vizuri, joto likapanda, gia ikafa au moto ukaanza. Nyaya nene za rangi ya machungwa chini ya gari ndizo zinazobeba umeme huo mkubwa. Zikionekana zimechubuka au zimekatika baada ya ajali, asiziguse mtu yeyote, fundi wa kijijini akiwamo.

Kwa hiyo Prius au Aqua ya kuendeshwa na tairi za mbele huvutwa tairi hizo zikiwa zimenyanyuliwa, au gari zima likiwa juu ya lori. Harrier ya haibridi yenye mota nyingine nyuma haina uchaguzi: tairi zote nne zinatoka chini. Vitabu vya baadhi ya Toyota za haibridi vinaruhusu kamba au mnyororo kwa dharura tu, kwenye barabara ngumu, umbali mfupi na mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa. Ruhusa hiyo inatosha kulitoa gari katikati ya daraja au kwenye kona hatari. Kutoka Uvinza hadi Kigoma mjini ni jambo jingine.

Msomaji aliyetazama video za Marekani anaweza kubisha. Kule wastaafu husafiri na nyumba za magurudumu, basi lenye kitanda na jiko ndani, huku wakivuta pikapu nyuma yake tairi zote nne zikiwa barabarani kwa mamia ya kilomita. Baadhi ya pikapu hizo ni haibridi. Ford Maverick ya haibridi imeruhusiwa na mtengenezaji kuvutwa hivyo, na kinachoshangaza ni kwamba Maverick ya petroli tupu yenye gia otomatiki haikuruhusiwa. Maana yake, jina la haibridi peke yake halimwambii mtu chochote. Kinachosema ni kitabu cha gari husika.

Tena wenzetu wale hawafungi kamba kwenye bampa. Pikapu hufungwa bamba la chuma kwenye fremu yake, halafu mkono wa chuma unaoifanya isiweze kugonga gari la mbele. Kuna minyororo miwili ya akiba, waya wa kuwasha taa za nyuma, kifaa kinachokanyaga breki ya pikapu pale gari la mbele linapofunga breki, na swichi inayoisimamisha ikichomoka. Wengi huongeza waya wa kuchaji betri yake ndogo njiani. Ukiitazama orodha hiyo, unaona kamba ya katani inakosa nini: karibu kila kitu.

Betri ndogo hiyo ndiyo ya kuangaliwa kwanza hata huku. Haibridi ina betri mbili, na ile ya volti 12 ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Haibridi pia haiwashwi kwa kusukumwa. Mara nyingine gari linalokokotwa kwa hofu lilihitaji tu kuchajiwa kwa waya kutoka gari jingine, kwa kufuata kitabu. Katika Prius, betri ndogo ikiwa imekufa kabisa, gia inaweza kukataa kutoka P, na anayelazimisha kuvuta anaburuza tairi zilizofungwa.

Kabla ya kuondoka nyumbani, mzazi afungue sehemu ya vifaa vya tairi ya akiba atafute pete ya chuma ya kuvutia. Hufungwa kwa kuzungushwa kwenye tundu lililofichwa na kifuniko kidogo cha bampa. Magari yaliyotumika mara nyingi hufika bila pete hiyo, na ndiyo sababu watu huishia kufunga kamba kwenye vyuma vya usukani. Ijaribiwe mchana, nyumbani, isiwe usiku kwenye tope la Malagarasi.

Na watoto? Washuke kabla kamba haijafungwa, wakae mbali na barabara na mbali na kamba. Kamba au mnyororo ukikatika hurudi kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Gari linalovutwa likiwa limezimwa, breki huwa nzito na usukani huwa mgumu, na kila kamba inapolegea na kukaza, shingo za walio ndani hutupwa mbele na nyuma. Shingo ya mtoto mchanga haijakomaa kuhimili hilo. Ndani abaki dereva mmoja tu. Mama, bibi na watoto waendelee kwa basi au gari jingine lenye viti, wasipandishwe nyuma ya lori juu ya mizigo, hata kama dereva ni mkarimu. Wawe na maji ya kunywa ya kutosha, maana kusubiri kunaweza kuchukua nusu siku. Ukitoka moshi, wote waondoke kwenye gari na wapige 114, Zimamoto.

Kwa gari lenyewe, pengine lori tupu linalorudi mjini ndilo jibu. Fuso inaweza kusogezwa nyuma hadi kwenye tuta la udongo, gari likasukumwa juu polepole, likafungwa mikanda kwenye tairi zote nne. Bei ikubaliwe kabla mtu hajagusa gari, na dereva aambiwe wazi kwamba hili ni haibridi, linabebwa, halikokotwi.

Fundi akiwa kazini Kigoma mjini, watoto wanaweza kupelekwa Ujiji, kwenye makumbusho ya mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, au Kibirizi kuona mitumbwi ikishusha samaki. Migebuka na dagaa hupatikana hukohuko. Baba abaki gereji na kitabu cha gari mkononi.