Kipepeo wa Mtaa wa Kongo

Baba aliuza vitenge kwa jumla Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na kazi yangu baada ya masomo ilikuwa kushusha marobota na kupanga doti. Watu wakisikia niliogelea kipepeo hudhani nimekulia ufukweni. Maji ya karibu nasi yalikuwa Mto Msimbazi pale Jangwani, na hayo huja yenyewe masika, bila kualikwa. Bwawa nililikuta shuleni, Upanga, mwendo wa miguu tu ukishavuka Mnazi Mmoja.

Kocha wangu wa kwanza aliyatazama mabega yangu, akaniuliza nyumbani tunafanya kazi gani. Nilipomwambia, akanihamishia kwenye kipepeo siku hiyohiyo. Wengi huamini staili hii ni nguvu tupu. Nguvu inakufikisha mita ishirini. Baada ya hapo ni mpangilio: mikono yote miwili itoke majini kwa pamoja, miguu iungane, teke la kwanza lipigwe mikono inapoingia majini na la pili inapomaliza kusukuma. Uso utangulie kutoka, na urudi majini kabla ya mikono. Ukichelewa kurudisha kichwa, kiuno kinazama, na ukishazama hivyo hakuna misuli ya robota itakayokuokoa.

Mabwawa yote niliyofanyia mazoezi Dar es Salaam yalikuwa ya mita 25. Humo, mita 100 zina mageuzi matatu, na kila ukuta ni nafasi ya kujisukuma na kupiga mateke chini ya maji, mradi kichwa kiibuke kabla ya mita 15. Nilipopelekwa kwenye mashindano ya kanda, tiketi tukiwa tumejilipia wenyewe, nikakuta bwawa la mita 50. Niliogelea, nikaogelea, ukuta hauji.

Mseto niliupenda zaidi, ingawa haukunipa medali nyingi. Mita 200 za mseto ni kama duka: faida ya asubuhi hulipa hasara ya mchana. Unaanza na kipepeo, kisha chali, chura, halafu mtindo huru. Mimi nilifungua nikiwa mbele, nikaliwa kwenye chura, kisha nikamaliza nikiwafukuza walionipita.

Lakini milango ya nje haikufunguliwa na mseto. Nchi isiyo na muogeleaji aliyefikia viwango vya Olimpiki hupewa nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na kwetu nafasi hizo zimeangukia mbio fupi za mtindo huru. Hilal Hilal aliogelea mita 50 huko Rio mwaka 2016. Paris 2024, Collins Saliboko aliogelea mita 100 na Sophia Latiff mita 50. Siwalaumu hata kidogo. Ila mtoto mwenye akili anaona njia ilipo, naye anaacha kipepeo mapema. Mimi niliambiwa niache. Nikakataa, nikabaki nyumbani.

Agosti 2008 niliamka kabla ya adhana, nikawasha televisheni ya dukani sauti chini. Ilikuwa fainali ya mita 100 kipepeo, Beijing, saa kumi na moja alfajiri kwetu. Dunia ilimtazama Michael Phelps akimshinda Milorad Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Mimi nilimtazama Jason Dunford wa Kenya, aliyekuwa ameweka rekodi ya Olimpiki kwenye mchujo, ikavunjwa muda mfupi baadaye siku hiyohiyo. Alimaliza wa tano. Jirani yetu mmoja aliona ni kushindwa. Nikamwambia: wa tano duniani, kwa staili hii, kutoka Afrika Mashariki, mzee wangu!

Mshahara wa kuogelea sikuwahi kuupata. Nilikula kwa kufundisha. Wazazi wanalipa ili mtoto asizame, basi. Ukitaja staili nne wanatazama saa. Wateja wangu wazuri wamekuwa akina mama wafanyabiashara wa Kariakoo, wanaotaka mwalimu mwanamke na saa isiyo na mwanamume bwawani. Wanalipa kwa simu kabla hawajaingia majini na hawaombi punguzo, wao wanaoishi kwa kupatana bei. Mmoja, muuza viatu, juzi alisema ameuchoka mtindo huru. Nimemwanzishia teke la kipepeo, mikono mapajani. Chura nitamfundisha mwisho.