Maisha Yangu Katika Kutafuta Picha

Kazi ya ufundi nilifundishwa Unguja, mtaa wa Mkunazini, na mzee mmoja ambaye hakumruhusu mwanafunzi wake kushika bisibisi kabla hajaeleza kwa kinywa chake mwenyewe kile anachokisikia katika redio iliyoletwa. Kwani aliitakidi kuwa kila chombo kibovu hutoa shahada ya ubovu wake, na kuwa fundi anayekifungua kabla ya kuisikiliza shahada hiyo ni sawa na kadhi anayehukumu kabla ya mashahidi kuitwa. Redio za zama zile zilikuwa za valvu, na maradhi yake yalijulikana kwa mngurumo, kwa mkwaruzo au kwa kimya, nasi tulijifunza kupambanua baina ya mngurumo wa kapasita iliyokauka na mkwaruzo wa kitufe cha sauti kilichoingia vumbi, hata tukaweza mara nyingi kukitaja kipuri kilichoharibika ilhali sanduku bado limefungwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Zanzibar ilianzisha televisheni, tena televisheni ya rangi, neema ambayo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado kuipata, na ambayo ndugu zetu wa Bara, waliokaa bila ya televisheni ya namna yoyote, waliingojea hadi mwaka 1994. Kwetu sisi mafundi ulikuwa mlango wa riziki na wa elimu pamoja. Tulijifunza kuwa picha hufanyizwa kwa mistari 625, ikakamilika mara 25 katika kila sekunde. Kuwa ishara yake hupita katika waya kwa kiasi cha volti 1 na ukinzani wa omu 75. Na kuwa kioo kilichojaa chenga ni kioo kisichopata mawimbi, bali kioo cheusi kisicho na chenga huwa kimeyapata mawimbi, ila mawimbi yenyewe hayakubeba kitu. Tofauti hiyo baina ya chenga na weusi niliinakili katika daftari langu, na nikaitumia miaka mingi, mpaka televisheni zile nzito zilipotoweka sebuleni mwa watu na nikadhani kuwa daftari nalo limemaliza ajali yake.

Haikuwa hivyo. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilishika kazi ya kupiga picha za visiwa vyetu kwa ndege ndogo zisizo na rubani, ili ramani mpya zichorwe, na vijana walioziona ndege zile wakaingiwa na shauku isiyotulizika. Wengine walianza kuunda droni zao wenyewe kwa vipuri vilivyoagizwa nje, wakafuatilia vibali vinavyotakiwa, wakajifunza kuzirusha kwa kuvaa miwani inayowaonyesha kile ambacho kamera ya droni inakiona kule juu. Na kamera zile, ambazo ni ndogo kuliko kidole gumba, nilizikuta zinatoa ishara ileile ya volti 1 na mistari ileile 625 niliyoijua ujanani. Furaha niliyoipata siku nilipoligundua jambo hilo siwezi kuificha.

Mmoja wa vijana hao, jirani yetu, alinijia dukani alasiri moja amekumbatia droni yake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Kumezuka nini?"

"Picha imekufa, ami. Nimeshabadilisha transmita, nimeshabadilisha antena, na pesa zimekwisha."

"Ukivaa miwani unaona nini, chenga au weusi?"

"Weusi."

"Na tarakimu za betri, zinaonekana juu ya weusi huo?"

"Hata moja."

Majibu hayo yalitosha kutupa nusu ya njia. Transmita za namna ile hutumia mawimbi ya kadiri ya megahezi 5,800, ambayo urefu wake haufiki sentimita 6, na chaneli zake ni 40 au karibu yake. Lau chaneli ya transmita isingaliwafikiana na ya miwani, au antena ingalikuwa imechomoka, kijana angaliona chenga. Kwa kuwa aliona weusi safi, mawimbi yalikuwa yakifika. Tena, katika droni yake ishara ya kamera hupitia kwanza katika bodi kuu, ambayo huandika juu ya picha kiasi cha umeme uliobaki, na bodi hiyo huendelea kuandika hata kamera ikikatika. Kwa hiyo kukosekana kwa tarakimu kulishuhudia kuwa dhara haliko upande wa kamera peke yake, bali liko katika bodi au baina ya bodi na transmita.

Niliziondoa rafadha zote, nikahakikisha antena imekazwa, kwa sababu transmita inayowashwa bila ya antena hurudishiwa nguvu zake yenyewe ikaungua. Nikaishusha hadi miliwati 25 na kuiwekea feni, kwani mezani haina upepo wa kuipoza. Betri ilikuwa na volti 16.8, na kamera ilipata 5 zake kamili. Kisha nilichukua kipande cha waya nikaiunga kamera moja kwa moja na transmita, nikairuka bodi. Kijana alivaa miwani, akapiga ukelele: aliiona rafu yangu, na redio za kale zilizopangwa juu yake, na rangi zake sawasawa.

Hapo tulibakiwa na sehemu ndogo mno ya kutafuta. Chini ya kioo cha kukuzia niliufuata waya wa picha unaotoka katika bodi kwenda katika transmita, na pale unapoungana na bodi, ndani ya ganda la plastiki lililoonekana zima, shaba ilikuwa imegeuka kijani kwa chumvi ya pwani, nyuzi zake zimekatika kwa mtetemo, na risasi ya kuchomelea imezungukwa na ufa mwembamba kama unywele. Kila alipobadilisha transmita kijana alikuwa akiutumia waya uleule, akichomelea upya ncha moja na kuiacha ya pili. Niliukata, nikaweka mpya, nikaupaka vanishi.

Picha ilirudi, na pamoja nayo ikadhihirika ila nyingine ambayo weusi ulikuwa umeisitiri: mota zilipowashwa, mistari myeupe ilipanda kiooni na kuongezeka kwa kadiri ya kasi yake. Mota hizo huvuta umeme kwa mapigo, na kazi ya kuyameza mapigo hayo ni ya kapasita inayokaa katika nyaya za betri. Yake, ya maikrofaradi 470, ilikuwa imekatika mguu mmoja. Nilitia nyingine nikaifunga kwa kamba isitikisike, na mistari ikatoweka.

Tangu mwaka 2019, DJI ya Uchina ilipouza miwani ya kidijitali kwa warushaji wa namna hii, vijana wengi wameihamia, na picha zake kwa hakika ni nzuri kuliko zetu. Lakini mimi, kwa rai yangu, naona aanzaye kujifunza aanze na ile ya zamani, ambayo hudhoofika mbele ya macho yako. Tulipoirusha droni ya kijana uwandani, chenga chache zilitokea kila ilipopita nyuma ya mwembe uliolowa mvua, naye akajua mwenyewe kuwa majani yenye maji huyazuia mawimbi, akairudisha kabla ya kuipoteza. Ya kidijitali huwa safi kwa muda mrefu, kisha ikaganda ghafla.

Siku hizi wanaponiletea droni nawataka walete pia vipuri walivyokwisha kuvitoa, maana vingi huwa vizima. Na transmita ambazo kijana yule alizitupa kapuni kwa kuzidhania mbovu zinarusha picha hadi leo katika droni za wenziwe.