Tanuri la Mkate Nyuma ya Nyumba



Watu wengi waliopita nyumbani kwangu hapa Newala wameniuliza habari za tanuri la matofali lililo uani. Wengine wataka kujua jinsi lilivyojengwa, na wengine wauliza kama hiyo ni kazi impasayo katekista. Naandika niwajibu wote pamoja.

Kujenga si jambo geni katika Ukristo wa kwetu. Askofu Edward Steere alipofika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa, walijenga na kulima huku wakisali. Nao watawa Wabenedikto, waliofika Ndanda mwaka 1906, walifundisha ufundi pamoja na dini. Basi katekista akishika mwiko wa mwashi hatoki katika njia ya waliomtangulia.

Lakini huku juu, katika uwanda wa Makonde, kila jengo lina swali lake, nalo ni maji. Ardhi yetu ni ya mchanga. Hunywa mvua ikaizamisha mbali sana. Wazee wetu walishuka mabondeni kuteka maji, wakapanda nayo genge, na waliopanda nayo vichwani walikuwa wanawake. Mabomba yalianza kuletwa miaka ya 1950, walakini hata sasa ziko siku nyingi ambazo hayatoi kitu. Kwa hiyo nilipomweleza mke wangu shauri langu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Baba watoto, mkate ni chakula chema. Lakini maji ya kulowekea matofali atayateka nani?"

Tukapatana hivi: maji ya ujenzi hayatatoka katika mitungi ya nyumba, wala hayatapita juu ya kichwa chake wala cha binti zetu. Mimi na wanangu wawili wa kiume tuliyaleta kwa baiskeli, alfajiri kabla ya kazi nyingine. Majirani walicheka sana. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, wewe ulioa kwa nini?" Nikamjibu, "Mzee wangu, nilioa ili nipate mwenzangu." Wana wa Israeli walifanya matofali Misri chini ya wanyapara, haifai nyumba ya Mkristo iwe Misri kwa wanawake wake.

Sasa nieleze ujenzi. Matofali ya kuchoma 300 hivi yalitosha, nayo tuliyanunua bondeni, upande wa Masasi, yakapandishwa kwa gari. Kwanza tulijenga msingi wa mraba, sentimeta 120 kila upande, urefu wake hata kiunoni, ili mwokaji asiiname. Ndani tulijaza mawe, na juu yake tukapanga chupa tupu katika majivu na mchanga, ili joto lisipotee chini. Kisha tukalaza sakafu ya matofali, bila nafasi kati yake.

Juu ya sakafu tulirundika mchanga wa maji mfano wa kichuguu, upana sentimeta 80, kimo 40, tukaufunika kwa magazeti. Juu ya rundo hilo tukapanga nusu za matofali kuzunguka, mpaka kuba ikafunga. Mlango kimo chake ni sentimeta 25. Ukizidi sana, joto hukimbia, na ukipungua sana, moto hukosa pumzi. Udongo wa kushikiza ulikuwa wa kichuguu uliochanganywa na mchanga. Saruji tupu haifai hapo, kwa kuwa hupasuka kwa moto mkali. Baada ya siku kadhaa tulitoa mchanga kwa mlangoni, tukawasha moto mdogo mdogo kwa juma zima, ili unyevu utoke taratibu. Paa lake ni bati, maana mvua ikilinyeshea litabomoka, na nyasi zaweza kushika moto.

Siku ya kuoka, moto huwashwa humo humo ndani kwa muda wa saa mbili. Kuba huwa nyeusi kwa masizi, kisha huwa nyeupe tena. Hiyo ndiyo dalili. Makaa huvutwa nje, yakatiwa katika jiko la chuma cha wavu lililo kando, na hapo huchomwa samaki au nyama. Sakafu hufutwa kwa kitambaa kibichi, unga kidogo hunyunyizwa: ukiungua mara moja, ngoja, ukigeuka rangi polepole, tia mikate. Ngano kwetu hununuliwa dukani, kwa hiyo mke wangu huchanganya sehemu tisa za ngano na sehemu moja ya muhogo, na mkate huumuka vizuri. Mikate ikitoka, viazi na muhogo huingia. Ila korosho zenye maganda zisitiwe humo kamwe: mafuta ya ganda lake hubabua ngozi, na moshi wake ni mbaya.

Tanuri hula kuni nyingi, na kuwasha kwa ajili ya mikate miwili ni kuharibu miti. Kwa hiyo Jumamosi nyumba sita huoka kwa moto mmoja, kila moja na kuni zake, matawi makavu ya mikorosho. Mjane wa jirani haleti kuni, naye hutangulia wote. Mwezi wa Ramadhani jirani zetu Waislamu huoka mikate yao ya kufuturu papo hapo, nasi huwaachia alasiri.

Atakaye kujenga na ajenge, na mchanga na udongo tutasaidiana. Ila kabla ya kununua tofali la kwanza, aulize nyumbani mwake maji yatatekwa na nani, na asijenge mpaka jibu limpendeze na mkewe.

Wasalaam,
Katekista, Newala